USHUHUDA WA UONGO NA MAJERAHA YA KUNDI: FUNDISHO LA HISTORIA KWA USHARIKA UNAOTIMIZA MIAKA MIA MOJA

Mwanzoni mwa mwaka 1977 Kanisa la Uganda, ambalo ni la Kianglikana, lilikuwa linajiandaa kwa sikukuu kubwa. Tarehe 30 Juni ya mwaka huo ilikuwa itimie karne moja tangu wamisionari wa kwanza wa CMS walipofika mbele ya Kabaka Mutesa wa Kwanza. Kiongozi wa Kanisa hilo alikuwa Askofu Mkuu Janani Luwum. Sikukuu ilipowadia, yeye hakuwapo. Miezi minne na nusu kabla yake alishtakiwa hadharani kwa kosa ambalo hakupewa nafasi ya kulijibu, na siku hiyo hiyo akauawa.

Usharika wa Kilutheri unaotimiza miaka mia moja hapa Ikungi, katika nchi ya Wanyaturu, una sababu ya kuitafakari habari hiyo. Kitabu cha jubilei huandika majina ya wachungaji na wainjilisti waliotumika, hesabu ya waliobatizwa na mwaka ambao kanisa liliezekwa. Ni mara chache kiandike habari za mtumishi aliyeondoka akiwa amevunjika moyo kwa sababu ya neno lililosemwa gizani, au za jamaa zilizoacha kushiriki Meza ya Bwana kwa sababu ya tuhuma ambayo hakuna aliyeichunguza. Hata hivyo majeraha ya namna hiyo ni sehemu ya historia ya Kanisa, sawasawa na misingi ya mawe na kengele.

Tuhuma za wakati wa vita

Katika nchi hii yenyewe, tuhuma dhidi ya watumishi wa Mungu zilianza mapema. Wamisionari wa Leipzig walifungua kazi huko Ruruma, Iramba, mwaka 1911. Miaka mitatu baadaye ilizuka Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Serikali ya Kijerumani iliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza, kisha ikawageukia walimu na makasisi Waafrika waliofanya kazi pamoja nao. Walimu wa CMS, ambao vituo vyao vilikuwa Mpwapwa, Kongwa, Buigiri na Kilimatinde, pamoja na wenzao wa UMCA, walituhumiwa kuwa wapelelezi wa adui. Kilimatinde hiyo leo imo wilayani Manyoni, katika mkoa huu huu wa Singida. Wengi walipigwa, wakafungwa minyororo na kuswagwa hadi Tabora. Walioishi walipata uhuru wao baada ya majeshi ya Wabelgiji kuuteka mji huo mwezi Septemba 1916.

Baada ya vita upepo uligeuka. Sasa walioonekana kuwa adui ni wamisionari Wajerumani. Hawakuhukumiwa mmoja mmoja kwa kosa lililothibitishwa. Utaifa wao ulitosha kuwa hatia. Mwaka 1920 waliondolewa nchini, na Wakristo wachanga wa Iramba wakaachwa bila mchungaji hadi katikati ya miaka ya 1920, wakati Misioni ya Augustana kutoka Marekani ilipoanza kuichukua kazi hiyo. Vita ile moja, kwa pande zote mbili, inaonyesha jambo moja: hofu inapotawala, watu hawaulizi tena mtu ametenda nini, bali ni mtu wa nani. Na anayelipa gharama si kiongozi peke yake. Ni mtoto wa shule ambaye mwalimu wake amefungwa, na ni mgonjwa anayekufa bila kuletewa Chakula cha Bwana.

Askofu Mkuu Janani Luwum

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, Kitgum, miongoni mwa Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Alikuwa mwalimu wa shule. Mwezi Januari 1948 aliguswa na Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ule uliofika pia katika makanisa ya Tanganyika, akampa Kristo maisha yake. Aliwekewa mikono kuwa kasisi mwaka 1956, akawa Askofu wa Kaskazini mwa Uganda mwaka 1969, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Wakati huo Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, aliyetwaa madaraka kwa nguvu ya jeshi tarehe 25 Januari 1971. Watu walikuwa wakitoweka, na Askofu Mkuu alizoea kwenda kwa wakuu wa serikali kuwaulizia waliokamatwa. Kazi hiyo ya kichungaji ndiyo iliyomfanya aonekane mpinzani.

Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari wenye silaha waliingia katika nyumba yake huko Namirembe, Kampala. Walikuja na mtu waliyekuwa wamemkamata na kumtesa, wakamtumia ili kumshurutisha Askofu Mkuu aonyeshe mahali silaha zilipofichwa. Walimwelekezea mtutu wa bunduki, wakapekua vyumba, maghala na hata kanisa dogo la nyumbani. Hawakupata kitu. Usiku huo huo nyumba ya Askofu Yona Okoth wa Bukedi ilipekuliwa pia.

Maaskofu walikutana, wakamwandikia Rais barua. Hawakutukana wala hawakutishia. Walieleza kwamba bunduki iliyoelekezwa kwa Askofu Mkuu imeelekezwa kwa kila Mkristo, maana kama mchungaji mkuu anaweza kutendewa hivyo usiku nyumbani kwake, mshiriki wa kawaida kijijini ana usalama gani?

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala, penye hoteli ya Nile Mansions. Askari wengi walikuwa wamekusanywa. Silaha zilikuwa zimepangwa zionekane. Ikasomwa hati iliyodai kwamba kulikuwa na njama ya Rais wa zamani, Milton Obote, aliyekuwa akiishi uhamishoni hapa Tanzania, ya kuingiza silaha nchini na kuipindua serikali, na kwamba Askofu Mkuu alihusika. Jina lake liliposomwa, alitikisa kichwa kukana. Askari walipoulizwa watu hao wafanyiwe nini, walipaza sauti wakitaka wauawe. Baadaye maaskofu wengine waliambiwa waende nyumbani kwao. Askofu Mkuu alibakizwa, na wenzake hawakumwona tena.

Kesho yake ilitangazwa kwamba Askofu Mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Walioiona miili walisimulia habari za majeraha ya risasi. Mwili wa Askofu Mkuu haukukabidhiwa kwa Kanisa ili azikwe Namirembe, bali askari waliupeleka kuzikwa Mucwini. Jumapili ya tarehe 20 Februari maelfu ya waumini walikusanyika Namirembe kumwombolezea. Kaburi lilikuwa limechimbwa karibu na kaburi la Askofu James Hannington, aliyeuawa mwaka 1885, lakini lilikuwa tupu. Waliimba nyimbo za Ufufuo kandokando yake.

Jinsi uongo ulivyofanya kazi

Habari hiyo ikichunguzwa hatua kwa hatua, inaonyesha njia ambayo tuhuma ya uongo huipita mahali popote, iwe ikulu au kijijini.

Kwanza, iliegemea jambo lililokuwa na ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba Obote alikuwa Tanzania, na ni kweli kwamba wako waliotaka kumwondoa Amin. Uongo mtupu hauendi mbali. Uongo unaopanda juu ya mgongo wa ukweli ndio unaovuka mito. Pili, ulitegemea shahidi asiyekuwa huru, yaani mtu aliyeteswa na aliyesema kwa kuogopa. Tatu, mtuhumiwa hakupewa nafasi ya kujitetea. Hati ilisomwa mbele yake, lakini hakuruhusiwa kuwauliza mashahidi wala kuleta wa kwake. Nne, hukumu ilikabidhiwa kwa umati, ambao haukuwa na ushahidi wowote isipokuwa ule uliokwisha kusomewa. Tano, uongo wa kwanza ulihitaji uongo wa pili kuufunika, nao ni ule wa ajali ya gari.

Mtume Paulo alishtakiwa na watu wenye nguvu, lakini liwali Festo, aliyekuwa mpagani, alikiri kwamba si desturi ya Warumi kumtoa mtu kabla hajakutana uso kwa uso na wanaomshtaki na kupata nafasi ya kujitetea (Matendo 25:16). Haki ambayo liwali mpagani alimpa Paulo, Askofu Mkuu wa Uganda hakuipata. Na inapasa kusemwa kwa uchungu kwamba wako watumishi ambao hawakuipata hata mikononi mwa Wakristo wenzao.

Majeraha ya kundi

Baada ya kifo hicho Kanisa la Uganda lilijikuta bila wachungaji wake kadhaa. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye aliwahi kufundisha shule huko Dodoma kwa miaka mingi, alitembea usiku pamoja na mkewe kuvuka mpaka na kuingia Rwanda. Askofu Okoth na maaskofu wengine nao walikimbia nchi. Mjane, Mary Luwum, aliondoka na watoto kwenda Kenya. Mwezi Septemba mwaka huo serikali ilipiga marufuku vikundi vya dini 27. Kwa hiyo, katika mwaka wa jubilei yao, Wakristo wa dayosisi kadhaa waliadhimisha miaka mia moja ya Injili hali kiti cha askofu wao kikiwa kitupu.

Jeraha lililo kubwa zaidi halikuandikwa katika takwimu. Watu waliogopana. Mkristo hakujua kama jirani yake katika benchi ya kanisa ni ndugu au ni mtoa habari. Uongo ukishaingia katika kundi, haumwondoi mchungaji tu. Unaondoa imani ya mwenye kusali kwa mwenzake anayesali naye.

Utawala wa Amin uliivamia nchi yetu katika Kagera mwezi Oktoba 1978, na ulianguka Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979. Jina la Luwum lilisafishwa mbele ya ulimwengu. Mwaka 1998 sanamu yake iliwekwa juu ya mlango wa magharibi wa kanisa kuu la Westminster Abbey, London, pamoja na za mashahidi wengine wa karne ya ishirini, na tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko ya kitaifa nchini Uganda. Ni heshima inayostahili. Lakini jina lilirudi, mtu hakurudi. Mjane hakurudishiwa mume, wala Kanisa halikurudishiwa miaka ya uchungaji iliyokatwa.

Walutheri nao

Mwezi Juni wa mwaka huo huo wa 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa sita Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa Rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Walutheri wa Tanzania walikuwa na furaha kubwa, lakini jirani zao walikuwa katika moto.

Huko Ethiopia, Mchungaji Gudina Tumsa alikuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Ethiopia Mekane Yesus. Serikali ya kijeshi ilimwona kuwa adui wa mapinduzi, ikamtia kizuizini zaidi ya mara moja. Tarehe 28 Julai 1979 alitekwa mjini Addis Ababa baada ya ibada, akauawa. Hakuna mahakama iliyomsikiliza. Mkewe, Tsehay Tolessa, alifungwa kwa takriban miaka kumi. Mahali alipozikwa Mchungaji Gudina pakajulikana mwaka 1992 tu, baada ya serikali hiyo kuanguka. Kwa miaka kumi na mitatu familia na Kanisa hawakuwa na kaburi la kulilia.

Si kila tuhuma ni uongo

Ingekuwa hatari historia hii ikisomwa kana kwamba mtumishi wa Mungu hawezi kukosa, au kana kwamba anayemlalamikia ni adui wa Kanisa. Mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 yalifundisha jambo hilo kwa uchungu. Hapa Tanzania, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilimtia hatiani mchungaji Elizaphan Ntakirutimana mwezi Februari 2003, baada ya kusikiliza mashahidi wa pande zote mbili, ikampa kifungo cha miaka kumi. Watu waliokimbilia Mugonero wakiamini kwamba wako mahali pa usalama walikuwa wameuawa. Kuwaambia waathirika wa namna hiyo wanyamaze kwa heshima ya vazi la uchungaji kungekuwa dhambi juu ya dhambi.

Lakini katika nchi hiyo hiyo Askofu Augustin Misago wa Jimbo Katoliki la Gikongoro alikamatwa Aprili 1999 kwa tuhuma za kushiriki mauaji hayo. Alikaa gerezani zaidi ya mwaka mmoja, na mwezi Juni 2000 mahakama ya nchini mwake ikamwachia huru. Viongozi wawili wa dini, tuhuma za aina moja, matokeo mawili. Aliyekuwa nje, akisikiliza uvumi tu, asingeweza kujua nani ni nani. Kilichowatenganisha ni kusikilizwa.

Hapo ndipo historia yote hii inapoelekeza. Dawa ya tuhuma ya uongo si kuzuia watu kulalamika, wala si kumlinda kiongozi kwa ukimya. Dawa yake ni kesi isikilizwe mchana, mbele ya mashahidi. Mtume aliyemwagiza Timotheo asipokee mashtaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu, katika mstari unaofuata anaagiza wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote (1 Timotheo 5:19–20). Mistari hiyo miwili ni pacha. Anayeushika wa kwanza na kuuacha wa pili huwaficha waovu. Anayeushika wa pili na kuuacha wa kwanza huwaangamiza wasio na hatia.

Urithi kwa usharika

Ikungi si Kampala. Tuhuma za vijijini hazianzi kwa hati inayosomwa mbele ya askari. Huanzia kisimani, mnadani, au penye mashine ya kukamulia alizeti. Huja kwa barua isiyo na sahihi iliyopenyezwa chini ya mlango wa ofisi, na siku hizi hupita katika simu kutoka mkono hadi mkono kabla mzee wa kanisa hajaamka. Huhusu sadaka, shamba la usharika, au mwenendo wa nyumbani. Hata hivyo hatua zake ni zile zile: chembe ya ukweli, shahidi asiyeonekana, mtuhumiwa asiyesikilizwa, umati unaohukumu.

Matokeo yake pia hufanana. Mchungaji anayeshukiwa huhubiri akitazama nyuso badala ya Neno. Mkewe huacha kwenda kwenye kikundi cha akina mama. Watoto wake husikia shuleni yale ambayo baba yao hajaambiwa. Usharika hugawanyika mafungu mawili, sadaka hupungua, jengo husimama kwenye linta, na vijana, ambao hawana uvumilivu wa magomvi ya wazee, hutafuta mahali pengine pa kusali. Miaka ikipita, ukweli ukajulikana, kundi lililotawanyika halirudi lote.

Methali husema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina hekima yake kwa mwenye kujihadhari, lakini ikitumiwa kuwa ushahidi ni mwuaji. Lilisemwa pia juu ya Janani Luwum. Mkristo wa Kilutheri amefundishwa njia nyingine tangu darasa la Kipaimara. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther alipoieleza Amri ya Nane, hakuishia kukataza kusingizia na kumharibia jirani jina. Alidai pia jirani atetewe, asemwe kwa mema, na mambo yake yafasiriwe kwa upande ulio bora. Amri hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wachungaji peke yao wala dhidi yao. Inamlinda mzee wa kanisa, mwinjilisti, mtunza hazina na mwanakwaya, na inamlinda pia mlalamikaji mnyonge anayeogopa kusema ukweli.

Kutokana na hayo yako mambo machache ambayo usharika unaweza kuyachukua kuingia nayo karne ya pili. Malalamiko yaletwe na mwenye nayo, kwa jina lake, katika vikao halali vya Kanisa. Mwenye kuogopa apewe ulinzi ili aweze kusema. Mtuhumiwa aambiwe waziwazi anatuhumiwa nini, na asikilizwe kabla ya neno lolote kutangazwa. Hesabu za fedha zisomwe mbele ya washiriki kwa wakati wake, maana daftari lililo wazi ni ngao ya mtunza hazina mwaminifu na ni kikwazo kwa mwizi. Kosa likithibitika, lisifunikwe. Na tuhuma ikionekana kuwa ya uongo, jina la mtu lisafishwe kwa sauti ile ile na mahali pale pale lilipochafuliwa, wala si kwa kunong'ona. Mara nyingi hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa: uvumi hutangazwa barabarani, lakini kuachiwa huru huandikwa katika kumbukumbu za kikao na kufungiwa kabatini.

Kanisa la Uganda liliadhimisha miaka yake mia moja likiwa na kaburi tupu Namirembe. Hapa Ikungi, siku ya jubilei, wako watakaokumbuka majina ya watumishi walioondoka bila kuagwa. Kama yupo aliye hai kati yao, ambaye alitendewa isivyo haki na hakuombwa radhi, miaka mia moja ni wakati unaofaa wa kumwendea. Na Bwana wa Kanisa, aliyesimama mbele ya mashahidi wa uongo, alijalie kundi lake ulimi wa kweli na sikio lisilo na haraka.